Bwana Kumi na Tisa na Nusu

Hakuwa na gari. Hakuwa na nyumba yake, hakuwa na saa inayokwenda sawasawa, wala hakuwa na mtambo mpya. Alikuwa na injini ya kuzalisha umeme iliyozeeka kabla yake, suruali moja nzuri, na sauti ya mwanamke aliyoizoea kwenye simu bila kuijua sura yake.

Mwanamke huyo alikuwa mwongozaji wa gridi ya umeme. Kila siku aliipigia simu mitambo yote: ninyi pandisheni, ninyi shusheni. Na ilikuwa desturi ya kazi kwamba anayepokea agizo alirudie lote kabla simu haijakatwa.

Jumamosi moja asubuhi, posta imefurika watu, fundi wetu alisikia mbele yake kwenye foleni mtu akimtajia karani anwani ya kifurushi, kisha akamwambia, "Rudia nilivyosema." Ilikuwa sauti ileile ya kwenye simu. Alikuwa mwanamke mfupi, gauni la kijani limemkaa vyema, viatu vyeupe visivyo na doa.

"Megawati ishirini, ndani ya dakika kumi. Nimepokea," fundi akasema kwa sauti ya kazini.

Mwanamke akageuka, akamkagua kuanzia viatuni. "Kumbe ndiye wewe, Bwana Kumi na Tisa na Nusu."

Jina likamganda. Mapenzi nayo yakashika moto upesi kuliko injini. Kila walipoahidiana kukutana fundi alichelewa dakika kadhaa, na kila mara bibie alimwuliza kama na yeye huvuta hewa ya moto.

Maana hilo ndilo lililokuwa tatizo. Joto likizidi, injini ile huvuta hewa ya moto, ikapungukiwa pumzi. Ikiagizwa ishirini, ilifika kumi na tisa na nusu, tena dakika ya kumi na mbili. Kanuni mpya, iliyoanza mwezi huo, haikujua nusu: usipofika barabara, umekaidi. Ukikaidi mara tatu katika mwezi, mwisho wa mwezi mtambo unatolewa kwenye gridi na watu wake wanakosa kazi. Mara ya tatu iliandikwa Jumanne, kwa mkono wa mpenzi wake.

"Umeniandika, mpenzi?" alimwuliza kwa simu.

"Nimeandika nilichokiona. Ulitaka nidanganye?"

"Nilitaka unihurumie."

"Nikiwa kwenye kiti kile sina ruhusa ya kuhurumia."

Fundi akakata. Siku tisa aliyapokea maagizo yake kwa ukavu, bila hata salamu.

Siku ya kumi, mamlaka ya umeme ilitangaza kwamba inapokea maoni kuhusu kanuni ile, ikaupelekea kila mtambo nakala ya kumbukumbu zake. Fundi alizifungua kama mtu anayefungua majibu ya daktari. Kando ya kila upungufu, kwenye nafasi ya maelezo ambayo hakuna mtu anayejisumbua kuijaza, palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka: *Joto digrii thelathini na sita. Ameanza kupandisha papo hapo. Ametii.* Ametii, ametii, mara arobaini na moja, tangu miezi ambayo bibie alikuwa hata haijui sura yake.

Akaipiga suruali pasi, akaenda kwao bibie.

"Umechelewa siku kumi," bibie akasema mlangoni.

"Leo nimeanza kutembea papo hapo."

Bibie alijaribu kununa, akashindwa. Mama yake, mshonaji nguo, akasogeza vitambaa mezani ili waandike maoni yao, akauliza, "Huyu ndiye anayepungua nusu?"

Fundi alitaka waombe upungufu wa hadi asilimia tano usamehewe. Bibie akaikata kwa kalamu. "Tano ni uvivu. Kwa kumbukumbu zangu, anayetii hapungui zaidi ya tatu. Tuombe tatu, na dakika tano za nyongeza kukiwa na joto. Asiyeanza kabisa, aandikwe." Kisha akatia sahihi yake chini ya ile ya fundi.

"Bosi wako atasemaje?"

"Atasema nimeandika nilichokiona."

Asubuhi iliyofuata walisimama posta, kwenye foleni ileile. Bibie aliishika bahasha wazi mkononi.

"Nina agizo. Jumapili, saa nane, uje umsalimie baba. Rudia."

"Jumapili, saa nane, nije nimwombe baba nikuoe."

"Sikusema hivyo."

"Nimezidisha kidogo. Hata asilimia tatu haifiki."

Bibie aliinama kuficha tabasamu. Akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akampa karani.

"Nimepokea," akamwambia fundi, na barua ikaingia mfukoni mwa posta.