Herufi za Uani kwa Dobi

Fundi cherehani alikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama uani kwa dobi. Mguu ulikanyaga cherehani, lakini jicho kutwa lilikuwa kwa jirani.

Binti yake aliitwa Kifungo, kwa udogo wake. Alikuwa na miaka mitano. Kila asubuhi alikalishwa kwenye kigoda, daftari mapajani, akinakili herufi mpaka vidole vikamuuma. Siku hizi akiliona daftari tu, machozi. Na mwezi ujao anaanza shule.

Binti wa dobi je? Katoto ka miaka minne, kutwa kanaruka uani, na herufi kanazijua. Kijicho kilimkaba fundi. Alijisemea kwamba dobi anaringa. Siku hiyo alishona mkono wa blauzi nje ndani, ikabidi afumue.

Lililomchoma zaidi ni kwamba Kifungo naye alikuwa akitorokea huko huko. Akampiga marufuku kukanyaga kwa dobi.

Kesho yake alisikia vishindo nyuma ya pazia. Kifungo alikuwa ametandaza vipande vya vitambaa sakafuni, anavirukia huku akinong'ona, "Mmm. Aaa. Sss." Alipomwona mama yake, alivikusanya haraka akavificha mgongoni.

Roho ilimuuma fundi. Yaani mwanangu anajificha ili ajifunze? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akavuka ua.

"Jirani," alisema, "huwa unawafanyia nini hawa watoto?"

Dobi hakumcheka. Alifuta povu mikononi, akaeleza kwamba zamani alifua mashuka ya shule ya chekechea, na akiwa anayaanika kambani alimwona mwalimu akifundisha.

"Mtoto mdogo hakai, dada. Chora herufi chini, kubwa. Wewe toa sauti, yeye aifuate kwa miguu. M usimwambie 'em', mwambie 'mmm'. Mbili tatu kwa siku zinatosha. Akichoka, mwache. Na usimwite mjinga."

Fundi aliinamisha kichwa. Neno hilo alikuwa amelitumia asubuhi ile ile.

Jioni alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akachora herufi tatu uani kwake, kubwa kama sinia. Kifungo alisita mlangoni. Basi mama mtu akasema, "Mmm," akaruka yeye mwenyewe, kilemba kikamdondoka. Mtoto akaangua kicheko, akaingia mchezoni.

Waliruka hivyo kila jioni, kidogo kidogo. Walipozijua sauti, wakaanza kuziunganisha: mmm, aaa, ma. Daftari likapumzika, machozi yakakoma.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, Kifungo aliruka mmm, akaruka aaa. Akarudi, akaruka vile vile tena. Akasimama, akifikiri.

"Mama," alisema, "nimekuandika kwa miguu."

Fundi alimkumbatia mpaka akamwacha hoi. Kisha, tabia ni tabia, akageuka upesi kuangalia kama dobi ameona. Dobi alikuwa ameona, na alikuwa akiwapigia makofi, povu mpaka viwikoni.