Chumvi ya Elyse

Haya yalimpata mdogo wangu Ebenyo, tumbo moja na mimi, hapa hapa Lodwar, na mikono yangu ilikuwemo. Anayetaka kucheka acheke.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine mtaani kwetu Nawoitorong. Akai, mke wa Ebenyo, alikuwa ananyonyesha mlangoni. Mimi na Ebenyo tulikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, tunaosha selulosi. Alisomea kemia. Huchukua matambara ya pamba, akayakatakata, akayapika kwa soda kali na asidi mpaka yakawa nyuzi nyeupe. Zikikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kufanya matope ya kuchimbia visima vya mafuta yawe mazito.

Kupika si kazi. Kazi ni kusafisha. Upishi huo huzaa chumvi, na chumvi lazima itoke yote. Ukiosha kwa maji matupu unapata gundi, basi unaosha kwa spiriti yenye maji kidogo, unachuja, unakamua, unarudia. Mwishowe unachukua maji uliyokamua, unayadondoshea dawa ya kupimia. Yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado imo.

Kampuni moja ya Lokichar ilikuwa ije kuukagua unga huo. Ukifaulu, Ebenyo anabaki nyumbani. Ukifeli, anarudi vibarua vya Nairobi. Na mwanawe Ejore, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, angekua akimjua baba kwa simu tu. Hilo ndilo lililomnyima Ebenyo usingizi.

Sasa chumvi ikakataa kutoka. Tukaosha. Maziwa. Tukaosha tena. Maziwa. Nilikasirika mpaka nikaitukana ndoo. Mgongo uliniuma, macho yaliniwasha, na kila tukiosha tone lilizidi kuwa jeupe. Mapishi mengine yote yalikuwa yametakata bila kelele.

"Umetia nini humu?" nikamuuliza.

"Matambara tu, dada. Ya Kakuma."

"Yapi?"

Akainamia ndoo. Alikoroga. Nikakamua tena, ndipo nikahisi kitu. Spiriti hupoza mkono, kila anayeishika anajua. Hii ilikuwa na uvuguvugu. Nikajifuta kwenye leso, nikaendelea kukamua.

Siku iliyofuata nilikwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa Céline, fundi cherehani Mkongo anayetuuzia matambara. Nilipomweleza, aliacha kushona na kusogeza kiti.

"Papa Ebenyo alichukuaka na ile kikwembe ya chini ya meza?" alinong'ona. "Nilimukatazaka, mama."

Nilijua kwa nini aliichukua. Pamba tupu imeadimika. Ebenyo huchoma uzi: ukiyeyuka ni plastiki, ukinuka karatasi ni pamba. Kitenge kile, alichokiita kikwembe, kilikuwa kimenuka karatasi. Ndugu yangu ana kichwa kigumu.

"Ni ya Elyse, jirani yangu," Céline akasema. "Tulikimbiaka vita pamoja. Mutoto alikuwa mu mugongo. Mu kukimbia akachomoka, ye hakusikia. Alifika huku kikwembe ingali imefungwa, ndani hamuna mutu. Akalilia mu ile nguo mpaka akakufa. Nilikuwa naichunga, dada yake akuje aizike."

"Tufanye nini?"

"Leteni yote, tuizike kwa kaburi yake. Akiwa angali analia, ni heri. Akinyamaza, ndio mubaya."

Sikumwelewa. Nilirudi Lodwar siku iliyofuata, jua likiwa utosini, nikamkuta Ebenyo anakamua. Nikamweleza yote.

"Hao watu wanakuja leo, dada. Wacha nimalize hii moja."

"Ebenyo."

"Hii moja tu. Alafu tupeleke yote unataka."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua chupa. Tone likadondoka.

Halikugeuka maziwa.

Akadondosha jingine. Safi. Akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu tuanze pishi lile. Mimi nilitia kidole kwenye ndoo. Baridi.

Chumvi haikuwa imetoka. Aliyekuwa akilia alikuwa amenyamaza. Na mama aliyepoteza mtoto hunyamazishwa na kitu kimoja tu.

Nilikimbilia ndani ya nyumba. Akai alikuwa amelala mkekani, mkono umekunjwa kama amekumbatia mtu. Kifua kimelowa maziwa.

Mtoto hakuwepo.

Nilimtikisa. Hakuamka. Nilimpiga kofi. Akafungua macho, akapapasa mkeka, na sauti iliyomtoka sitaki kuisikia tena.

Tulifuata njia ya Kakuma, tukampata ng'ambo ya mto Kawalase, uliokuwa mkavu. Mtoto asiyeweza kukaa. Mchanga ulikuwa unachoma nyayo, yeye ngozi yake ilikuwa baridi. Amelala, ameshiba. Nyuma yetu kulikuwa na nyayo zetu. Mbele yake hakukuwa na nyayo za mtu yeyote.

Akai alipombeba, ndipo mtoto akalia. Alilia akijinyoosha kuelekea kule mbele.

Wa Lokichar walikuta kibanda kimefungwa, wakaenda zao. Tulipeleka kila kitu Kakuma, nyuzi, maji machafu, hata kitambaa cha kuchujia, tukazika kando ya Elyse. Céline aliomba. Mwezi haukuisha Ebenyo akaenda Nairobi, na mimi nina hasira naye mpaka leo, na huruma pia.

Hupiga simu jioni. Haulizi kama mtoto anakula. Huuliza kama zimefutika.

Chini ya mapaja ya Ejore na kukatiza mgongo wake kuna alama, zile anazobaki nazo mtoto aliyebebwa kwa nguo iliyokazwa, safari ndefu. Sasa anakimbia na hakuna anayembeba tena. Huwa namjibu Ebenyo kwamba zinafifia. Lakini mimi ndiye ninayemwogesha, na asubuhi nyingine nazikuta nyekundu, bado zina joto, kama amefunguliwa sasa hivi.