Sauti Isiyo na Jina Kwenye Santuri

"Nani huyo anayeimba hapo kwako?" aliuliza mamake Hussni kwa simu kutoka Mombasa.

"Ni santuri, Mama."

Jikoni, Mwanasiti akaacha kuimba ghafla. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee huko Roseville, ughaibuni, miguu imemvimba, akapitia kwa Hussni, mchumba wake. Alikuwa akiuliza kwa sauti sukari iko wapi, huku akifuatiza wimbo uliokuwa ukizunguka kwenye gramafoni, wa bendi ya dansi ya Uingereza, wa miaka ya thelathini.

Hussni alipoweka simu chini, alimkuta anavaa koti.

"Waenda wapi? Na chai?"

"Inyweshe santuri yako."

"Siti, ningemwambia nini? Mama ashanitajia binti wa ami."

"Ungemwambia jina langu. Miaka miwili waniambia posa inakuja." Akaiondoa santuri kwenye gramafoni. "Hapa pameandikwa nini?"

"Jina la kiongozi wa bendi. Chini yake, 'pamoja na mwimbaji'."

"Mwimbaji gani?"

"Hawakumwandika. Wengi hawakuandikwa, walihesabiwa kama ala tu. Lakini huyu nimemtafuta tangu theluji ya kwanza, mpaka nikamjua kwa sauti."

"Mzungu aliyekufa umemhangaikia kipupwe kizima. Mimi ni hai, nakukorogea chai, na huniandiki popote."

Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka hata kugomba. Akashika kitasa.

"Basi langu laja. Nikilipanda, Hussni, sirudi."

Hussni akabonyeza namba, akakosea, akaanza upya.

"Mama, ile haikuwa santuri."

"Ala! Kwani nimezaliwa jana? Santuri gani inayouliza sukari iko wapi?"

"Na binti wa ami?"

"Aliolewa Mfungo Mosi, Idi ilipopita tu, alishachoka kukungoja. Nami nilikuwa nangoja uwe mwanamume useme. Hebu mpe simu."

Mwanasiti akaipokea, koti bado mwilini. Nje, basi likapita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako nimeisikia. Sasa niambie, wewe ni nani, na wazee niwatume kwa nani?"

Mwanasiti akaegemea ukuta. Machozi yalimjia polepole, kama mtu aliyetua mzigo asijue mikono aiweke wapi.

"Mwanasiti binti Abdulghani. Kwetu Lamu, mtaa wa Langoni."

"Rudia taratibu, mama. Naandika."

Akarudia.