Lubelski wa Sataranji

Kila Ijumaa asubuhi Tauba alikuwa na kazi ileile kabla ya shule: kusugua vinara vya shaba vya mama yake mpaka aione pua yake ndani. Siku hiyo alivisugua harakaharaka, huku midomo yake ikichezacheza.

"Unasali au unasemezana na vinara?" mama yake, Blima, aliuliza. Alikuwa akikata vitunguu vya chungu cha Sabato.

"Nakariri, Mama. Leo ni zamu yangu kusema mbele ya darasa."

Baba yake, Hersz Lubelski, alicheka bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshona kofia, na alianza kazi mapema ili amalize kabla ya jua kutua, Sabato inapoingia. "Sema kwa sauti," alimwambia. "Waliokaa nyuma nao wana masikio."

Mwalimu Ajzen, aliyewafundisha darasa la tano, alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kutafuta watu wenye jina la ukoo kama lao ambao wamefanya jambo la kusifika. Tauba alikuwa amehangaika wiki nzima. Alipekua magazeti ya zamani ambayo mwoka mikate hufungia mikate yake, akarudi nyumbani na unga hadi kwenye nyusi. Lakini hakutoka mikono mitupu.

"Lubelski wa kwanza," alianza alipoitwa mbele, "ni daktari wa Wilno aliyetibu macho ya maskini. Wa pili alikuwa mtu wa sarakasi. Alitembea juu ya kamba akiwa amebeba mbuzi."

Darasa zima lilicheka. Mvulana mmoja akataka kujua kama mbuzi alikuwa mzima.

"Gazeti halikusema," Tauba alijibu. "Wa tatu ni Maks Lubelski wa Łódź, bingwa wa sataranji, ule mchezo wa ubao wenye wafalme na farasi. Anaweza kucheza amefungwa kitambaa machoni, na bado akashinda."

Walimpigia makofi. Mambo yangeishia hapo, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Estera, aliyekaa dawati la mbele, alikunja pua. Estera alikuwa mjukuu wa mzee Icek, mtunza sinagogi wa mji wetu wa Zarzecze, na siku iliyotangulia alikuwa ameeleza habari za mwimbaji mwenye jina la ukoo wao.

"Mwimbaji wetu aliwahi kulala kwetu," Estera alisema. "Hao wako hata hawakujui. Mtu yeyote anaweza kusoma gazeti la kufungia mkate."

Uso wa Tauba ulimwaka moto. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Maks Lubelski ni baba yangu mdogo."

Mwalimu Ajzen alivua miwani yake. "Kweli, Tauba?"

"Kweli, Mwalimu."

Basi, kufikia saa ya kwenda nyumbani Tauba alikuwa malkia. Mmoja alimbebea mkoba, mwingine alimpa nusu ya tufaha lake. Hata Estera alitembea kando yake akimwuliza kama baba mdogo huyo ana gari. Tauba aliona raha, nami simlaumu kwa hilo. Nani asingeona raha?

Raha hiyo haikufika jioni. Alasiri garimoshi la kwenda Warszawa liliharibika injini kwenye stesheni yetu. Abiria wengi walikaa palepale kungoja injini nyingine. Lakini mmoja wao, Myahudi mwembamba mwenye masikio makubwa, aliteremka na begi lake, kwa kuwa Sabato ingeingia naye hasafiri siku ya Sabato. Mkuu wa stesheni alimtambua kwa picha ya gazetini. Alikuwa Maks Lubelski mwenyewe.

Kwetu Zarzecze, mgeni aliyekutwa na Sabato haachwi ale peke yake. Mzee Icek ndiye huwapeleka wageni majumbani kwa zamu, na zamu ikikufika unaishika mpaka mgeni apatikane. Ni heshima kubwa, na watu huigombania kuliko mnavyodhani. Kitu kimoja tu huvunja zamu: mgeni akiwa na jamaa yake mjini, huenda kwa jamaa yake.

Tauba alikuwa peke yake nyumbani. Mama alikuwa amekwenda kuweka chungu kwenye tanuri la mwoka mikate ili kikae cha moto hadi kesho, na baba alikuwa hamamu, bafu la mji, kama wanaume wote siku ya Ijumaa. Mara mlango ukagongwa. Mzee Icek alisimama pale akihema, na Estera nyuma yake akichungulia.

"Tauba, mjukuu wangu," mzee alisema, "Estera ananiambia Maks Lubelski ni ndugu wa baba yako. Ni kweli? Yuko stesheni. Kama ni kweli, nimlete hapa."

Tauba alimtazama mzee, kisha akamtazama Estera, ambaye macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Ni kweli, Babu Icek," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi waambie wazazi waongeze sahani. Ngoja niwaarifu akina Kalman, maana zamu ilikuwa yao."

Tauba aliganda palepale. Alikuwa amesahau kabisa habari ya zamu. Mzee Kalman, mtengeneza brashi, na mkewe Mama Fajga walikuwa majirani wao wa ukuta mmoja. Hawakujaliwa mtoto. Zamu yao iliwafikia tangu theluji ilipoanza kuanguka, na sasa theluji ilikuwa imeyeyuka bila mgeni hata mmoja kutokea. Kila Ijumaa Mama Fajga alipika samaki wa kutosha watu watatu, na kila Jumamosi aligawa mabaki kwa watoto wa mtaa, Tauba akiwa wa kwanza kwenye foleni.

Alitoka nje taratibu akasimama karibu na dirisha lao. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa mezani. Kulikuwa na sahani tatu, na ile ya tatu ilikuwa yenye maua, ambayo Mama Fajga hakuitumia siku nyingine yoyote. Mzee Kalman alikuwa amevaa koti lake zuri, nywele zikiwa bado mbichi kwa maji ya hamamu.

"Haidhuru," Mama Fajga alikuwa akimwambia Icek. "Jamaa ni jamaa. Sisi tutapata mwingine."

"Ndiyo, tutapata," mzee Kalman alisema, akavua koti na kulitundika.

Icek alipoondoka, Mama Fajga aliichukua ile sahani ya maua. Aliifuta kwa upindo wa aproni ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini.

Tauba alitamani ardhi immeze. Angeweza kuvumilia kuchekwa na darasa, alifikiri, lakini hangeweza kula samaki wa Mama Fajga kesho na kumtazama usoni. Akakaza kamba za viatu, akatimua mbio kuelekea stesheni.

Alikutana nao njiani, kwenye pampu ya maji. Mzee Icek alikuwa mbele, mgeni pembeni yake, na nyuma nusu ya watoto wa shule. Estera ndiye aliyebeba begi.

"Huyu hapa," Icek alisema. "Mtoto wa kaka yako."

Mgeni alimtazama Tauba kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Kaka yangu nani, mzee? Mama yangu alizaa wasichana sita, akachoka akanizaa mimi." Kisha, alipouona uso wa mtoto, akalegeza sauti. "Lakini huenda kuna undugu wa mbali. Lubelski ni Lubelski. Nitalala kwenu, binti, haina neno."

Mnaona? Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Tauba angenyamaza tu, na hakuna mtu Zarzecze ambaye angelijua jambo lile. Estera alikuwa akimtazama. Wote walikuwa wakimtazama.

"Hakuna undugu," Tauba alisema. "Si wa karibu wala wa mbali. Nilikusoma kwenye gazeti la kufungia mkate. Nilidanganya darasani, na nikakudanganya wewe, Babu Icek. Mgeni ni wa akina Mama Fajga. Amesharudisha sahani kabatini."

Kisha akalia, kilio cha kamasi.

Kuna mtoto aliyecheka. Estera akamgeukia na kumwambia afunge mdomo wake, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mzee Icek alitingisha kichwa, akatafuta neno la kukaripia, lakini mgeni alimtangulia.

"Kule Radom nilikuta shangazi wanne nisiowajua," alisema akimpa Tauba kitambaa cha mfukoni. "Hakuna hata mmoja aliyekiri kwamba si ndugu yangu. Wewe ni wa kwanza, na umekiri mbele ya watu. Haya, nionyeshe nyumba hiyo ya samaki kabla jua halijatukimbia."

Tauba ndiye aliyebisha mlango. Alieleza yote, neno kwa neno, akiitazama sakafu zaidi kuliko uso wa Mama Fajga. Alipomaliza, akasikia kabati likifunguliwa.

"Shika," Mama Fajga alisema, akimpa sahani ya maua. "Iweke mezani wewe mwenyewe. Polepole, usiivunje."

Jioni ile, mishumaa ikiwaka pande zote mbili za ukuta, akina Lubelski walisikia nyimbo za jirani. Mzee Kalman aliimba hovyo kwa furaha, na mgeni aliimba hovyo zaidi. Baba yake Tauba, aliyekwisha kuambiwa yote na bintiye, aliweka kijiko chini.

"Unajua kwa nini tunaitwa Lubelski?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Kwa sababu babu yangu alihamia hapa kutoka Lublin. Basi. Kila aliyetoka Lublin angeweza kuitwa hivyo, mwema na mbaya, mpaka yule wa mbuzi. Jina halikuniongezea akili, wala halikumfundisha Maks sataranji. Yeye alijifunza mwenyewe. Ulipotaka sifa zake, nani alilipa?"

"Mama Fajga."

"Hilo ndilo nataka ulikumbuke, mwanangu. Uongo wa kujikweza haukai hewani. Lazima utamwangukia mtu, na mara nyingi mtu huyo hakukukosea lolote. Ukitaka watu walisifu jina lako, fanya jambo lako mwenyewe. Leo pale kwenye pampu umelianza."

Jumamosi mchana mgeni aliwafundisha watoto wa mtaa sataranji kwenye meza ya Mama Fajga. Alimshinda Tauba kabla hajamaliza kutafuna kipande chake cha samaki, kisha akamwonyesha kosa liko wapi. Jumapili akapanda garimoshi.

Jumatatu, Tauba hakungoja kuitwa. Alisimama akamwambia Mwalimu Ajzen na darasa zima ukweli, sauti yake ikafika hata kwa waliokaa nyuma.

"Kwa hiyo huna baba mdogo bingwa," Estera alisema.

"Sina."

Estera alifikiri kidogo, kisha akasogea kwenye dawati lake kumpisha. "Basi kaa hapa," alisema, "unionyeshe huyo farasi wa sataranji anatembeaje."