Kengele ya Lipanka

"Hizi mbuzi zirudi Mbumbuni!" Mzee Kivuva alifoka.

Ndunge alitoka jikoni mbio. Mbuzi watatu wa ntheo, posa yake mwenyewe, walikuwa wamefungwa kwenye ua, na Mama Kaveke aliyewaleta kutoka huko kwa niaba ya mwanawe alikuwa bado amesimama kando yao.

"Baba, na mchumba wangu je?"

"Yuko wapi? Mwaka mzima ni meseji tu! Mwongeli anasema alimwona hapa Makindu akishusha mahindi."

"Kwa macho yangu," binamu yake Mwongeli akadakia. "Ati yuko kazi Czech, Ulaya! Woi Ndunge, umechezwa."

Ndunge alisoma meseji ya mchumba wake Ndolo kwa sauti:

"Kijiji chetu, Lipanka, kina watu 180. Mlima uko kusini, kijito kinapita chini ya kanisa dogo la 1790. Kando yake kuna jiwe la majina ya vijana waliokufa vitani."

"Hiyo hata Google inajua," mzee akasema. "Mtu akichukua msichana wangu nataka kujua kwenye anampeleka. Niambie kitu hakijaandikwa!"

Ndunge akaruka. "Kengele ya hilo kanisa! Wanaipiga kwa mkono saa sita yao, kila nyumba na zamu yake. Wiki hii ni zamu ya nyumba anakaa Ndolo. Hapa itakuwa saa saba!"

"Basi zimebaki dakika kumi. Ikipita, mbuzi zinaenda."

Akapiga simu. Ikakatika. Akapiga tena. Mama Kaveke alikuwa anaomba kwa sauti. Dakika mbili kabla ya saa saba, skrini ikawaka! Ndolo huyo, kofia ya sufu kichwani, anahema.

"Pole mpenzi! Nimekimbia kutoka kwa ng'ombe. Network inashika hapa juu kwa kengele peke yake."

"Ndolo, baba anarudisha mbuzi!"

"Ati nini? Nau, baba yangu, tafadhali, angalia."

Akageuza simu. Paa nyekundu, bwawa lenye bata, mlima, na lile jiwe.

"Jina moja liko hapo mara tatu, nau. Ndugu watatu, mama mmoja. Ni ndugu za babu ya Bibi Marie, mwenye nyumba yangu. Kila Jumapili tunawawekea maua."

Mzee alivua kofia yake polepole.

"Na wa Makindu ni nani?" Mwongeli akauliza.

"Si ni Nyamai, kifungua mimba wangu!" Mama Kaveke akacheka. "Wanafanana mpaka kutembea."

Saa ikafika, Ndolo akavuta kamba. Ngong! Ngong! Kengele ikajaa ua mzima, mbuzi wakashtuka.

Mzee Kivuva akamgeukia binti yake, akamuuliza kama amekubali posa, kwa maneno ya desturi: "Ndunge, tule mbuzi hizi ama tusile?"

"Kuleni, baba! Kuleni zote!"

Vigelegele vikapasuka. Kule Lipanka Ndolo alisikia, akasahau kuacha kamba. Alivuta na kuvuta, hadi Bibi Marie akatoka mbio na ndoo ya maji, akiuliza moto uko wapi.

"Hakuna moto, bibi! Naoa!" Ndolo akamjibu, kwa Kikamba kitupu.

Bibi akaiweka ndoo chini, akashika kamba wakavuta pamoja.