Madoa Kumi na Sita

Duka la picha, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, si mahali pa kutafutia mchumba. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikapinda hadi kwa muuza viatu, wazazi wamechoka, watoto wamenuna kwa kuvalishwa sare zinazowasha. Ndani, shangazi alikata picha za pasipoti kwa kisu cha karatasi huku akiwafokea wanaoruka foleni. Kando yake, mbele ya kompyuta, alikaa mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka thelathini na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Sabuni. Jina lilimstahili. Chunusi, makovu, vivuli chini ya macho, vyote viliyeyuka mikononi mwake. Mtu aliingia na sura aliyopewa na Mungu akatoka na ile aliyokuwa akiiomba.

Zamu ikamfikia dada mmoja mwenye gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, raba nyeupe, miwani kaipandisha juu ya nywele. Hakutaka pasipoti. Alitoa flashi, akasema anahitaji picha ya ukutani, upana wa mita moja na nusu. Sabuni akaifungua. Akaona weusi, na ndani ya weusi ule chenga za mwanga.

"Dada, hii picha ya nini?"

"Ya anga."

"Sasa mbona umeipiga usiku?"

Foleni ilicheka, na dada naye akacheka mpaka miwani ikamshukia puani. Sabuni alilalamika kwamba kazi hii itamaliza wino mweusi wa mwezi mzima, akaandika kwenye risiti, mahali pa jina, "Mteja wa Giza". Shangazi aliisoma ile risiti, akamtazama dada, akamtazama Sabuni, akarudi kwenye kisu chake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Dada yule alikuwa mtafiti katika taasisi ya anga, jengo refu lenye lifti mbovu upande wa pili wa mji. Wiki iliyofuata alirudi na picha nyingine, kisha nyingine tena ambayo hata Sabuni aliona haikuwa na haja ya kuchapwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu zikaanza: ya asubuhi ya kuulizana wameamkaje, ya mchana ya kuulizana wamekula nini, na ya jioni ambayo haikuwa na swali lolote. Dada alimwita "Sabuni wangu", naye aliitwa "Giza langu", na shangazi kila aliposikia alikohoa makusudi.

Mchana mmoja walikaa kwenye ngazi za taasisi na chai yao ya vikombe vya karatasi, Sabuni akauliza hasa anatafuta nini humo gizani. Akamweleza. Zamani sana, kabla ya dunia, kabla hata ya jua, anga lote lilijaa ukungu wa gesi uliokuwa ukimeza mwanga. Kisha galaksi za kwanza zikawaka, na mwanga wake ukaula ule ukungu kidogo kidogo, kama jua la asubuhi linavyofanya, mpaka anga likawa wazi kama tulionavyo leo. Kilichomkosesha usingizi ni swali moja: nani aliifanya kazi hiyo? Galaksi kubwa chache, au ndogo nyingi zisizojulikana?

"Wakubwa hupewa sifa," alisema, "lakini wanaofagia ni wadogo."

Hao wadogo ndio aliowatafuta, na ilibidi angalau mmoja apimwe kwa ile darubini kubwa ambayo watafiti wa dunia nzima huipigania. Saa chache ilizotengewa taasisi ziligawiwa na jopo la wazee wake, na zamu ya mtafiti ya kuwaeleza ilikuwa inakaribia.

Alipomkunjulia picha, Sabuni alisogeza kidole moja kwa moja kwenye galaksi iliyojikunja kama konokono, akasema hii nzuri sana. Mtafiti alitabasamu, hakumsahihisha. Pale kwao picha hutazamwa tupu, bila duara wala mshale, ili jicho la mmoja lisilivute jicho la mwingine. Naye alikuwa ameizoea desturi hiyo hata akasahau kwamba mpenzi wake si mjumbe wa jopo. Sabuni akaondoka akiamini kuwa konokono zile zinazong'aa ndizo kazi yake.

Basi ilipofika picha ya jopo, alitaka kumfanyia kitu. Aliikuza kwenye skrini, akakuta madoa mekundu kumi na sita, kila moja dogo kuliko punje ya mtama, yametawanyika hovyo. Vumbi la kamera, alijiambia. Akayatoa moja moja, kwa uangalifu ule ule anaotolea chunusi shavuni mwa bibi harusi. Aliichapa, akaikunja ndani ya mrija wa karatasi ngumu, akaufunga kwa utepe, wala hakusema chochote ili mwenzake ashangae.

Alishangaa kweli. Kesho yake saa nne simu ililia, na sauti ya upande wa pili ilikuwa ya chini mno.

"Sabuni, uliigusa picha yangu?"

"Niliisafisha kidogo, mpenzi. Ilikuwa na madoa mekundu, nikayatoa yote."



"Mwanga wa madoa hayo umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu," alisema taratibu. "Njia nzima haukupotea. Umekuja kufia dukani kwako."

Akakata. Sabuni alipiga, ikazimwa. Akapiga tena, haipatikani. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Aliandika ujumbe wa kuomba radhi ambao haukusomwa. Aliwapiga picha wateja bila kuwaambia watabasamu, na mzee mmoja alitoka na pasipoti ya macho yaliyofumbwa. Moyoni alijua ameachwa, na alijua sababu, na hilo ndilo lililomuuma: kwamba alimharibia kwa mikono iliyokuwa ikimtengenezea.

Siku ya nne akaingia karani wa taasisi na ule mrija wa karatasi kwapani. Alikuwa ameona muhuri wa duka. Ndipo Sabuni aliposikia mambo yote. Mtafiti alitundika picha mbele ya wazee, akaweka kidole mahali pa galaksi yake ya kwanza, na pale pakawa peusi. Wazee wakainama na lenzi, wakatafuta, hakuna. Wakalinganisha na faili waliyotumiwa awali, wakaona picha ya ukutani imechezewa. Na kwa watafiti, kuchezea picha ni wizi. Amepewa mpaka Ijumaa aeleze nani aliigusa na kwa nini, la sivyo atapoteza saa za darubini na kazi yenyewe.

"Kila tukimuuliza anasema kosa ni lake," karani alisema. "Hataki kumtaja mtu."

Karani alipoondoka Sabuni alibaki amekaa, mkono juu ya kipanya, uso wa mteja ukimtazama kwenye skrini. Kumbe hakuachwa. Alikuwa anafichwa.

Shangazi aliweka kisu chini. "Mwenzio anazika jina lake ili lako lipone," alisema, "na wewe umekaa hapo unatoa watu chunusi."

Ijumaa Sabuni alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, akachomoa boksi la kompyuta ya dukani, akaliweka begani. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake. Alipanda ghorofa nne, akafika mlangoni shati limemganda mgongoni, akabisha kabla ujasiri haujamtoka.

Wazee watano walikuwa wamezunguka meza. Mtafiti alikaa peke yake upande mmoja, suti ya bluu nzito, macho yamevimba. Alipomwona alitikisa kichwa kumwambia atoke. Sabuni alijifanya hakuona.

Aliwaeleza kwamba yeye ndiye aliyeigusa picha. Kwamba fundi mwenye akili hapaki rangi juu ya picha ya mteja. Hutandika tabaka juu yake, mfano wa kioo juu ya meza, na kila anachorekebisha hubaki juu ya kioo. Akaliunganisha boksi na skrini ya chumba kile, akaliwasha, akaliondoa tabaka. Madoa mekundu yakarudi, yote kumi na sita, na mtafiti akafunika mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti, mama mfupi mwenye mvi, hakutabasamu. "Nani alikutuma uyafute?"

"Hakuna."

"Na leo nani amekutuma uje?"

"Hakuna."

"Basi tutajuaje kwamba hukuja kumwokoa tu?"

Sabuni aligeukia skrini. Tangu karani alipotoka dukani alikuwa ameyakodolea macho madoa yale, ajue ni kitu gani alichokiua, na sasa maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Kumi na tano ni kosa langu, naomba radhi," alisema. "Lakini hili la juu kulia nililitoa kwa haki. Haya mengine yanafifia ukingoni taratibu. Hili lina pembe. Hili ni doa la kamera kweli."

Sabuni alimwona mtafiti akiinuka, akiisogelea skrini, akitazama kwa muda mrefu mno, na akajua amemchoma kisu mara ya pili.

"Ni kweli," mtafiti alisema. "Hili nilikosea. Liondolewe kwenye orodha yangu."

Mwenyekiti alivua miwani. Shahidi wa kupangwa haji kumpunguzia mwenzake hesabu mbele ya jopo. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Kwa nini uliisafisha, kijana?"

"Nampenda. Nilitaka picha yake iwe nzuri kuliko zote."

Kalamu ya karani, aliyekuwa pembeni akiandika kikao, ikasita. "Niandike hivyo?"

"Andika kama alivyosema," mwenyekiti alijibu.

Sabuni alisubiri kwenye ngazi na boksi lake mikononi, hakujua kama alitakiwa kuondoka. Baada ya nusu saa mtafiti alitoka na karatasi yenye sahihi tano: saa sita za darubini kubwa, kwa ile galaksi iliyofifia kuliko zote. Sabuni alianza kuomba radhi, mwenzake akamnyamazisha. Alimwambia hata yeye ana kosa lake. Alikuwa amemkunjulia picha mara ngapi bila kumwonyesha hata doa moja kwa kidole, akidhani kwa sababu wanapendana basi wanaona kitu kimoja. Na siku mbili za kwanza alizima simu kwa hasira. Zilizofuata aliizima kwa hofu, maana angemsikia sauti angemwambia kila kitu, na Sabuni angejileta mwenyewe mbele ya jopo.

"Umenipunguzia galaksi moja mbele ya wazee," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Bora wewe kuliko kukosolewa na dunia nzima." Akampangusa jasho shingoni kwa ncha ya kidole. "Na lile ulilolisema mwisho?"

"Nililisema kwa sababu ni kweli."

"Limeshaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Huwezi kulikana tena."

"Silikani."

"Basi Jumapili uje nyumbani ulirudie mbele ya baba. Yeye hasomi kumbukumbu za vikao."

Sabuni alilitua boksi kwenye ngazi, akamuuliza Jumapili saa ngapi.