Unene wa Kidole

Kila alasiri mjukuu wangu akitoka shule hunawa mikono, hukaa juu ya robota la vitambaa na kutusomea. Mimi nakata nguo, shangazi yake anashona. Kwa sauti yake isiyochoka tumempa jina la Kasuku.

Wiki ile alitusomea kitabu cha maktaba, hadithi iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mke wa fundi saa alikuwa akitengeneza saa chumba cha nyuma, mumewe akiziandika jina lake mwenyewe na kusifiwa mji mzima. Shangazi mtu akawa anapunguza mwendo wa cherehani asipitwe na neno.

"Na huyu mwanamke ananyamaza tu?"

"Wewe ndiye unyamaze, tusikie," nikamwambia.

Harusi ya shangazi ilikuwa imebakiza siku kumi. Mchumba wake, fundi rangi, alikuwa amesema mke wake hatashona nguo za watu, kwa hiyo cherehani ingeuzwa. Kasuku naye alikuwa ameshonewa gauni la kuvaa harusini, na hakuna siku iliyopita bila kulijaribu.

Ijumaa alifungua kitabu, akasoma kimoyomoyo, macho yakamtoka. Kisha akasema harakaharaka, "Mke akaomba radhi, akafungia koleo zake kabatini, wakaishi kwa raha. Mwisho."

Shangazi aliifunika cherehani kwa shuka, kama anayefunika mgonjwa.

Kesho yake fundi rangi alikuja na mkokoteni kuichukua. Wakati anaifunga kamba, nilikiokota kile kitabu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini unene wa kitambaa naujua kwa vidole, sembuse karatasi.

"Kasuku, mama yangu, kama hadithi imekwisha, kurasa hizi zilizobaki unene wa kidole ni za nini?"

"Nilidanganya, bibi. Mke alisema hatengenezi saa nyingine mpaka iandikwe jina lake. Mume akakataa. Mke akabeba koleo zake, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara. Niliogopa shangazi naye ataiacha harusi."

Na mvi zangu zote hizi, sikujua kwamba zamani zile kuna mtu alithubutu kuandika jambo kama hilo. Fundi rangi alibaki ameinama, kamba mkononi.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" shangazi aliuliza.

"Ndivyo."

Akamgeukia mchumba wake. "Mwenzangu, harusi naitaka. Kushona pia siachi. Kama viwili hivi havikai nyumba moja, niambie leo."

Mwanamume alijifuta jasho. "Mimi ukiniambia niache brashi?"

"Nimewahi kukuambia?"

"Hujaniambia." Akakaza kamba. "Basi haiuzwi. Naipeleka kwetu, ikae karibu na dirisha."

Nilimvuta Kasuku karibu yangu. "Ukimsomea mtu, msomee yote, hata yanayokutisha. Ulipozificha kurasa hizi ulimwamulia shangazi yako maisha yake, na yeye hana habari. Gauni lako lingependeza, naye angebaki mikono mitupu. Kama uliogopa, ungesema unaogopa. Tungekusikiliza."

"Nimekosa, bibi. Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe," shangazi akasema. "Sasa soma, kuanzia pale ulipotuibia."

Fundi rangi alikuwa ameshafika mlangoni. Akauegesha mkokoteni, akakaa kizingitini kusikiliza.